Simenti ya Mayen

Mimi ni fundi wa mawe kutoka Kapsowar, naitwa Kipchumba, na kwa miaka kumi na tisa hakuna msingi wangu uliowahi kupasuka. Nasema hivyo mapema ili mjue kichwa kilivyoniuma Kakuma, Februari ya 2013, nilipoona zege la msingi wa kanisa la kambini limechanika kila upande siku moja tu baada ya kulimwaga.

Nililimwaga saa nne asubuhi, kama kawaida yangu. Kwetu kuna baridi. Unangoja jua litoke kwanza likusaidie. Pale, jamani, zege lilianza kukaza kabla sijalisawazisha. Nikaongeza maji. Likakaza tena. Nikaongeza mengine, na hayo maji yalitoka kwenye mapipa meusi yaliyoshinda juani, ungeweza kuyapikia chai. Kesho yake nikaligonga kwa kiatu, kona ikamomonyoka.

"Fundi, nini imetokea?" akauliza mzee Kuot, mwenyekiti wa kanisa.

Sikujua. Haki ya Mungu, sikujua. Lakini watu ishirini walikuwa wananikodolea macho, na fundi atasemaje hajui? "Simenti hii ni mbovu," nikasema. "Imekaa sana."

Aliyeitunza simenti ni Mayen, mkimbizi kutoka Sudan Kusini mwenye duka pale sokoni kambini. Mimi nilisema mbovu tu. Kufika jioni, habari ilikuwa kwamba Mayen aliuza ile nzuri Lokichoggio akaweka takataka. Nani alisema hivyo? Sikuelewa maneno yale yalikuzwa na nani. Wakamtoa kwenye kamati ya kanisa, naye akaacha kuja kusali. Mimi nikanyamaza. Labda kweli aliuza, nikajiambia.

Tukaomba simenti nyingine kwa wafadhili wa kanisa kule Lodwar. Jibu likaja: hakuna mpaka mwaka ujao, tumieni mifuko iliyobaki. Nikavunja lile zege huku nimekasirikia kila kitu: jua, upepo, Lodwar, mpaka viatu vyangu.

Mama Akon, anayefyatua matofali ya udongo na wenzake jirani na hapo, alisimama kunitazama. Akacheka. "Wewe ulipika simenti, fundi. Sisi hata udongo hatugusi saa hiyo. Jua inakunywa maji yote."

"Mama, zege si matope," nikamjibu kwa ukali.

"Haya. Basi pika tena."

Siku mbili nikazunguka na maneno hayo. Yaani mama wa matofali aijue kazi yangu kuliko mimi? Siku ya tatu nikaenda kumwuliza. Tukafukia mapipa ya maji kivulini, tukamwagia kokoto maji, tukalowesha mtaro wa msingi mpaka ukashiba, tukatandaza maturubai juu yake. Tukaanza alfajiri na kumaliza kabla jua halijakolea. Kisha tukalifunika zege kwa magunia mabichi, tukiyamwagia maji siku saba, na mimi nikifukuza mbuzi waliokuja kuyalamba.

Siku ya nane nikafunua, nikagonga kwa nyundo. Gumu kabisa! Ufa hata mmoja hakuna. Wanawake wakapiga vigelegele, Kuot akanikumbatia. Simenti ilikuwa ile ile. Mifuko ile ile ya Mayen.

Nikawaambia hapo hapo kwamba kosa lilikuwa langu, si la simenti. Vigelegele vikakatika. Kisha nikaenda dukani, nikamwambia na Mayen mwenyewe. Hakuacha kupima sukari.

"Umewaambia wa kanisa, vizuri," akasema. "Lakini binti yangu Abang anaitwa mtoto wa mwizi kule mferejini tunakoteka maji. Huko atakwenda nani kusema?"

Nikaenda mimi, asubuhi, akina mama wamepanga mitungi kwenye foleni ndefu, Abang akiwa katikati yao. Nikaanza kueleza habari za joto, maji ya mapipa, upepo. Wakanitazama tu, hawaelewi huyu mtu anataka nini. Mama mmoja akanikatiza.

"Hiyo sisi hatujui. Wewe sema, mwizi ni nani?"

"Hakuna mwizi," nikasema. "Ni mimi sikujua kazi."

"Sema kwa nguvu, fundi. Wa nyuma hawajasikia," akasema yule mama.