Kompyuta Isiyojua Shikamoo

Jumanne ni siku yetu sisi watu wa presha. Kliniki ina mabenchi marefu, feni inayozunguka kwa kujilazimisha, na dirisha la kuitia majina. Miaka nenda miaka rudi karani alikuwa anatoa kadi zetu kwenye droo, anazipanga kwa herufi, A mpaka Z, na tunaitwa hivyo hivyo, mimi kwa jina la marehemu mume wangu lililo kwenye kadi. Wenye majina ya A walikuwa wanarudi nyumbani chai haijapoa.

Karani alipostaafu, Sista mkuu akamwita mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni kuandika programu, aifundishe kompyuta kazi ile. Kwa mjukuu wangu hiyo ndiyo kazi ya kwanza asiyosimamiwa na mtu. Sista hakumung'unya maneno.

"Nakupa leo na Jumanne ijayo, binti. Ikishindikana, kadi zinarudi kwenye droo na wewe unarudi kwenu."

Kwao ndiko kwangu. Nami sikuwa na hamu ya kurudishiwa mtu aliyenuna.

Jumanne hiyo skrini ikawaka ukutani. Wakaitwa akina Baba. Baba huyu, Baba yule, mpaka wakaisha wote. Wakaja akina Bibi, mimi nikiwamo, halafu akina Mama, msururu usio na mwisho. Wa mwisho kabisa wakawa akina Mzee. Fundi saa mstaafu, mwenye miguu iliyovimba kama mito ya kulalia, alinigeukia.

"Huyu mjukuu wako katupangaje? Wenye nguvu mbele, sisi tukafie nyuma?"

"Si ulikuwa unatengeneza saa wewe? Basi subiri, wakati ni jamaa yako."

Hakucheka.

Kisa chenyewe ni hiki. Mjukuu wangu alipokuwa akiingiza majina, aliona haya kuliandika jina la mtu mzima kavukavu, lining'inie ukutani kila mtu alisome. Kila mmoja akamtangulizia heshima yake: Mama, Baba, Mzee. Nimemlea mimi huyo. Hata muuza mkaa hamwiti bila cheo. Lakini kompyuta haijui shikamoo. Inaona B, inaona M, imemaliza.

Tena ilikuwa inakwama. Jioni alikaa jikoni kwangu na kompyuta yake mezani, mimi namenya viazi.

"Inalinganisha majina mawili mawili, Bibi. Chukua Mama huyu na Mama yule. Herufi ya kwanza sawa, ya pili sawa, inapita neno zima haijaona tofauti. Na kila mara inaanza upya kuuliza sheria za lugha: herufi kubwa na ndogo zihesabiwe moja, ng' ya ng'ombe ikae mahali pake. Jina moja linahojiwa mara chungu nzima."

"Kama mimi na yule dokta kijana. Kila nikienda ananiuliza nimezaliwa lini, utadhani huwa nazaliwa upya."

"Dawa yake naijua. Kila jina nitalihoji mara moja tu, nilitengenezee ufunguo: jina bila heshima, herufi zote ndogo, sheria zimeshapita. Halafu kompyuta ilinganishe funguo peke yake. Ukutani watu wataona jina zima na heshima yake."

"Kwa hiyo heshima unaivua mlangoni kama viatu, mtu akitoka anavaa?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi angalia watu wasibadilishane viatu."

Jumanne iliyofuata kompyuta ikapanga majina kabla Sista hajavuta kiti. Na jina la kwanza kabisa kwenye skrini lilikuwa BIBI. Bibi tu, hakuna cha kufuatia. Nikajua ni mimi. Nikainuka, nikapita mbele ya benchi kwa mwendo wa bibi harusi, nikashika kitasa cha mlango wa dokta.

"Ahaa!" Fundi saa akadakia. "Kumbe! Mjukuu anaendesha, bibi anakaa mbele!"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikageuka manung'uniko. Sista akatoka na uso umekunjamana.

"Binti, upendeleo? Kwenye kliniki yangu?"

Mjukuu wangu akaikodolea macho kibodi. Nikaona shingo yake inalowa jasho.

"Si upendeleo, Sista, ni kosa langu. Wengine wote niliandika heshima na jina. Bibi yangu niliandika Bibi, basi. Heshima ilipovuliwa hakikubaki kitu, na kwa kompyuta, kisicho kitu kinatangulia vyote."

"Nani atakuamini? Rekebisha nione. Sasa hivi."

Hapo akanitazama. Tangu azaliwe, mtoto huyu hajawahi kulitia jina langu mdomoni.

"Bibi," akanong'ona, "naomba ruhusa."

Nilikuwa na mzaha umeshafika kwenye ulimi. Nikaumeza. Walioniita kwa jina lile wote wako chini ya udongo, babu yake akiwa wa mwisho. Siku hizi mimi ni Bibi, Mama, Shangazi, Shemeji. Nimefunikwa heshima juu ya heshima kama mablanketi, mpaka nilikuwa nimemsahau aliyelala chini yake. Na huyu mtoto kaning'iniza vidole juu ya kibodi, kazi yake inangoja neno moja.

"Liandike," nikasema. "Ila liandike vizuri. Lilikuwa jina la msichana mrembo."

Akaliandika. Skrini ikapepesa mara moja, nami nikaporomoka kutoka kileleni hadi katikati ya umati. Nikaachia kitasa, nikarudi benchi. Wakaingia wengine, Mama kwa Baba, Mzee kwa kijana, kila mtu kwa herufi yake. Fundi saa akaitwa mapema, akanipita akichechemea bila kunitazama. Sista alisimama nyuma ya mjukuu wangu akifuatisha majina kwa kidole, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele.

"Jumanne ijayo," akasema hatimaye, "uniingizie na watu wa kisukari."

Mjukuu wangu akaitikia kwa sauti ndogo mno, kisha akainama chini ya meza akijifanya anatafuta waya.

Adhuhuri ilishapita zamu yangu ilipofika. Sista akasogea dirishani, akalisoma jina langu lote, taratibu, kwa sauti. Benchi zima likageuka. Fundi saa, aliyekuwa mlangoni ndiyo kwanza katoka foleni ya dawa, akasimama.

"Jina zuri hivyo, umetuficha miaka yote?"

"Usilizoee," nikamjibu.

Nikaingia kwa dokta. Alipima presha, akaikuta imepanda kidogo. Nikamwambia ni joto.