Navigateur ya Papa Zagabe

Tak. Ilikuwa stabilisateur, lile sanduku dogo la chuma linalolinda vyombo vyetu umeme unaporudi, na sote watatu tulinyanyua vichwa gizani kabla taa haijawaka. Courant ilikuwa imekatika tangu saa nane mchana. Sasa ilikuwa saa moja na nusu jioni, na kwetu Bukavu hakuna anayechezea courant ikija. Mama mkwe wangu, maman Georgette, alikimbilia réchaud, jiko letu la umeme, na sufuria ya maharage. Binti yangu Déborah, wa miaka sita, alichomeka simu ya koko wake, kama anavyomwita bibi. Mimi nikaenda kwenye komputa. Batri yake ilikufa zamani. Bila waya ukutani, ile komputa ni sinia tu.

Nilikuwa na mpaka saa sita usiku kujiandikisha kwa mtihani wa brevet ya informatique, cheti cha kazi ya komputa. Miaka miwili nimefuata masomo ya jioni, mwaka wa kwanza Déborah akilala juu ya koti langu chini ya benchi. Kuna kituo cha afya kinachotafuta sekretari, nao hawapokei barua ya mtu asiye na brevet. Mume wangu Marcellin yuko Mwenga, kwenye mashimo ya dhahabu, na tunamwona mara moja kwa miezi mitatu. Kama ningepata ile kazi, ningemwambia arudi. Mtihani mwingine ni mwakani. Mwaka mzima wa mashimo, kwa ajili ya fomu moja.

Fomu yenyewe nilikuwa nimeijaza jana katika navigateur mpya, programu ya kufungulia internet aliyoniwekea mwalimu wetu Gérard. Wenye mtihani wakanitumia barua katika komputa, na ndani ya barua kuna kitufe cha kuthibitisha. Lakini kila nikibonyeza, kitufe kilifungua navigateur ya zamani, na humo ukurasa ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo. Nilijaribu mara tatu, na mara zote tatu ni unga tu. Mchana nikaona nina akili: nikaondoa alama ya ile ya zamani pale chini ya skrini, nikidhani komputa itaisahau. Courant ikakatika kabla sijajaribu tena. Ndipo nikasoma vizuri karatasi aliyoniachia Gérard: “Kuondoa alama si kubadilisha. Ingia Paramètres, chagua navigateur par défaut, yaani ile itakayofungua viungo vyote.”

Nilikuwa natafuta Paramètres, mahali pa kupangia mambo ya komputa, maman Georgette alipokuja nyuma yangu akipangusa mikono kwenye kitenge.

“Nisomee Katana,” alisema. Kisha akainama. “Ile alama ya papa iko wapi? Ile ya buluu?”

“Niliitoa pale, maman. Ilikuwa inanizuia kuandikisha mtihani.”

“Uliitoa.” Hakupandisha sauti. “Martine, tulisema nini siku ya maziko?”

Tulisema kile kinachosemwa kwetu siku zote: vitu vya marehemu haviguswi wala havigawanywi mpaka siku ya kuondoa matanga. Baba mkwe wangu, papa Zagabe, alifariki mwezi wa pili, na matanga tutayaondoa mwaka ukitimia. Mashati yake yamo sandukuni. Kofia yake iko kwenye msumari wake, na vumbi lake. Komputa yake niliruhusiwa kuitumia kwa sababu maman mwenyewe aliamua kwamba mashine haivaliwi. Lakini ile navigateur ilikuwa kitu kingine. Papa aliipanga ili ikifunguka tu ionyeshe hali ya hewa ya Katana, ambako wana shamba la maharage. Kila jioni alitangaza akiwa kwenye kiti chake, “Georgette, kesho jua,” naye alijibu kutoka jikoni, “Nimesikia, radio.” Tangu azikwe, mimi ndiye ninayemsomea. Radio hatajwi tena.

“Umeitupa?” aliuliza.

“Hapana, maman. Iko ndani. Ni alama tu niliitoa.”

“Kitu chenye haionekane, kimetupwa.”

Ningeweza kumwambia kwamba ni programu, si shati. Lakini nilimwona amesimama pale, kitenge mkononi, kama mtu aliyefika sokoni akakuta meza yake haipo. Nikaandika jina la ile navigateur kwenye mahali pa kutafutia. Ikatokea. Nikairudisha alama chini ya skrini, mahali pake pa zamani, ya pili kutoka kushoto.

“Ni pale ilikuwa?” maman aliuliza.

“Ni pale.”

Akavuta kiti, akaketi. Hakutaka kuniacha peke yangu na komputa tena.

“Maman,” nilisema, “ila lazima nibadilishe kitu kimoja. Sitaigusa ya papa. Nataka tu ile ingine ndiyo ifungue kitufe cha mtihani.”

“Kwa hiyo ya papa inafukuzwa kwa polepole.”

“Hapana. Hapa kwetu mugeni akipiga hodi, nani anafungua mulango?”

“Déborah,” alisema. “Anakimbia mbele ya watu wote. Nimemukataza.”

“Sasa, kwa sababu Déborah ndiye anafungua, mimi na weye tumehama nyumba?”

Alifikiri. Sufuria ilikuwa inatokota, na sote tulijua kwamba courant haisubiri fikra za mtu.

“Mulango,” alisema mwishowe. “Zagabe? Miaka makumi tatu na nane niliishi naye, sikumuona siku moja anafungulia mugeni mulango. Anaketi tu, ‘Georgette, kuna mutu.’ Hata kama mimi niko shambani.” Akacheka kidogo, kisha akajipangusa jicho kwa ncha ya kitenge. “Haya. Akae kwenye kiti yake. Ile ingine ifungue.”

Niliingia Paramètres, nikashuka kwenye orodha ya programu, nikabonyeza jina la navigateur mpya. Komputa ikaleta dirisha dogo ikiniuliza kama nina hakika, kama nisingependa kubaki na ile niliyoizoea.

“Inasema nini?”

“Inaniomba nisibadilishe.”

“Unaona? Hata yenyewe iko inalia.”

“Maman.”

“Bonyeza, bonyeza. Maharage itaungua.”

Nikabonyeza. Nikarudi kwenye barua, nikaweka mshale juu ya kitufe, nikabonyeza tena. Safari hii ilifunguka ile mpya. Ukurasa ulikuja polepole, mstari kwa mstari: jina langu, jina la shule, tarehe ya mtihani. Chini kabisa, kwa kijani: inscription confirmée, yaani nimeandikishwa. Nilisoma mara mbili. Nilitaka kumpigia Marcellin, lakini kule alipo mtandao uko juu ya kilima tu, naye hupanda Jumapili. Nikafunika uso kwa mikono.

“Imekataa?” aliuliza maman Georgette.

Nilitikisa kichwa. “Imekubali.”

Alinipiga begani mara mbili, kwa nguvu, kama anayefukuza vumbi. Lakini hakuinuka. Macho yake yalikuwa chini ya skrini, kwenye ile alama ya pili kutoka kushoto, na nikajua kwamba hatanipongeza sawasawa kabla hajaona.

Nilibonyeza. Navigateur ya papa Zagabe ilichukua muda wake, kama siku zote. Maman alishika ukingo wa meza. Skrini ilikuwa tupu. Kisha ukurasa ukaja: ziwa juu kwa buluu, jina la Katana, na chini yake picha ya wingu lenye matone.

Nilifungua kinywa nisome, nikachelewa. Déborah alikuwa ameshapita chini ya mkono wangu. Akasimama kati yetu, akaweka kidole juu ya wingu, kisha juu ya herufi moja moja, midomo ikitembea kama wanavyofundishwa darasani.

“Koko,” alisema, “kesho Katana mvua.”