Ubao Ulibaki Mikumi

Mwaka ule wa mvua kubwa, barabara ya kutoka kijijini kwetu, Ulaya, kwenda Mikumi ilikatika mara tatu, na shule ya binti yangu Yusrah, iliyoko huko Mikumi, ikafungwa wiki tisa. Mwalimu Mkuu, Hezekia, akatangaza kwamba masomo yataendelea kwa posta. Posta yenyewe walikuwa wachuuzi wa vitunguu, waliovuka maji na karatasi za shule ndani ya mfuko wa nailoni.

Mimi ni mjane niliyeishia darasa la saba, lakini masomo ya posta nayajua. Marehemu mume wangu, Yassin, alikuwa mfanyakazi wa reli pale Kilosa, na alisoma hivyo miaka mitatu. Kila kijitabu kilimweleza aanzie wapi, kikampa mfano, kikamuuliza maswali. Akituma majibu, baada ya wiki mbili yanarudi na wino mwekundu: hapa umekosea, rudia ukurasa wa sita. Hakuwahi kumwona mwalimu wake, ila mwalimu alimjua.

Karatasi za Yusrah zilianza na somo la nne, la pili likaja nyuma. Watoto saba wa kijijini kwetu wakajibu walichoweza. Nikayashona majibu yao pamoja kwa uzi wa bluu, nikapiga fundo, nikawapa wachuuzi. Hayakurudi.

Shule ilipofunguliwa, siku ya tatu tu wakapewa jaribio. Wote saba wakaanguka. Likabandikwa tangazo: hawatafanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili, watarudia mwaka. Na shemeji zangu walikwishasema, Yusrah akirudia darasa, anaozwa.

Nikasoma Bismillahi, nikabeba vijitabu vya marehemu, nikaenda kikao cha wazazi.

"Tuliwafundisha kwa posta," akasema Mwalimu Hezekia. "Hawakusoma."

Nikasimama, nikampa karatasi ya fizikia. "Hebu tusomee, Mwalimu."

"Tazameni mchoro ubaoni..." Akaigeuza karatasi nyuma, akairudisha mbele.

"Ubao uko wapi, baba? Ulaya hatujauona."

Mzee Ngassa, mfugaji, akadakia kutoka nyuma: "Labda ng'ombe wangu wameumeza! Maana kila kitu hula wao!"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akakunja uso. "Mama, kwani wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba. Ndiyo maana najua mtu aliyeachwa peke yake na karatasi anahitaji nini." Nikaviinua vijitabu. "Aliyeandika hivi alikaa chini kwanza, akamfikiria mtu wa mbali. Wewe ulinakili daftari lako, ukalisafirisha. Kwa mvua sikulaumu. Nakulaumu kwa kusema umefundisha."

Baada ya kikao akaniita ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Huyo wako nitampitisha. Yaishe."

Juu ya kabati nilikuwa nimeona furushi lenye uzi wa bluu, na fundo langu vilevile nilivyolipiga.

"Wako saba, Mwalimu. Niliwashona pamoja."

Akafuata macho yangu. Akalishusha furushi, akatafuta wembe.

"Usikate. Fundo hilo linafunguka kwa vidole."

Akahangaika nalo. Nikavuta kiti, nikakaa, nikatoa tasbihi yangu. Uzi ulipoachia, karatasi ya juu kabisa ilikuwa ya Yusrah, na mstari wake wa kwanza ulisema: *Mwalimu, ubao hatuuoni, tufanyeje?*

Akausoma mara mbili. Kisha akaenda mlangoni, akamwita karani.

"Lile tangazo, libandue. Na uniletee kalamu nyekundu."