Zawadi ya Kila Mwezi

Wewe ungempa nini mwanamume anayetimiza miaka thelathini, aliyetoka tumboni mwako, ambaye akija nyumbani anakula bukari, ugali wetu, vizuri, anajibu "oui maman", "non maman", kisha anachungulia saa, usiniambie umnunulie saa, saa anayo, ndiyo hiyo anayoichungulia, usiniambie shati, mkewe Plamedie ndiye anayemchagulia mashati na sitaki vita na Plamedie kwa ajili ya kola, mimi nataka abonnement, kitu unacholipia mara moja kikamfuata mwaka mzima, kila mwezi kinamfikia kule Kipushi na kumwambia mama yako amekukumbuka, hata kama siku hiyo mama yako yuko kwa msusi na hakumbuki lolote... na hapa kwenye simu ukurasa umeshafunguka, chagua zawadi, salle de sport ya mazoezi, kahawa, filamu, majarida, na chini kabisa nafasi ya jina la mpokeaji, tupu, kistari kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kinaningoja mimi, na mbele yangu ng'ambo ya meza Onésime anakunywa chai yake ya Jumamosi na kujifanya hana habari, mume wangu akijifanya hana habari huwa anasikiliza hadi kupumua kwa jokofu, na kweli, "Tia ile revue tena," anasema, macho kwenye kikombe, "mutoto alishazoea," alishazoea, sawa, lakini alishazoea nini hasa, hilo ndilo linalonikuna tangu asubuhi, ile revue nilimwandikisha Shalom alipotimiza ishirini, yuko chuoni bado, jarida la nchi za mbali na wanyama na nyota, karatasi nzito inayong'aa, kila mwaka nikalipia tena bila kufikiri, kama mtu anavyopaka rangi mlango uleule, na kwa kuwa hapa kwetu posta haijui mlango wa mtu, inajua masanduku tu, jarida linafikia kwenye sanduku la posta la duka la Onésime, yeye analichukua, anampa Paulin dereva wake, Paulin akipeleka mchele Kipushi anampelekea Shalom, na Shalom ananiandikia ujumbe, "Aksanti ya mwezi, maman," basi, maneno yaleyale, miaka kumi, na mimi sijawahi kumwuliza umesoma nini, umependa nini, kwa sababu nilikolelewa, kwa watu wa reli wa Kabalo, zawadi ikishatoka mkononi haiulizwi, kuuliza ni kama kuidai irudi, mama yangu alimpa wifi yake kitenge kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, siku moja tulienda kumtembelea tukakikuta kimekuwa pazia, na mama akaketi mbele ya lile pazia, akanywa chai, akasifu dirisha.

Na mimi, niliyesoma falsafa chuo kikuu, Kasapa, niliyesimama darasani lycée mbele ya watoto wa watu nikiwaambia ulizeni, ulizeni, anayeogopa kuuliza atoke nje, mimi nasifu dirisha, naona aibu kuliandika hata kichwani... "Au kahawa," nasema, kwa sauti, nimtazame, "kahawa ya kwenu Kivu, kila mwezi pakiti moja, ya kusaga nyumbani," na Onésime anaweka kikombe chini, "Kahawa atajinunulia. Revue njo akili," anasema, akili, jamani, mtu huyu ambaye tangu tuoane ananiita professeur kila ninapofungua kitabu, ambaye wenzangu wa chuo wakija hapa na maneno yao marefu anainuka kwenda kutazama jenereta, hata umeme ukiwepo, "Tangu lini weye unapigania vitabu," namwuliza, "Sipiganii kitu, Mama Shalom, niko nasema tu mutoto atasikia vibaya," atasikia vibaya, Shalom, ambaye Noeli iliyopita mezani nilijaribu kumchokonoa kwa mbali, kwa ujanja wa mtu aliyekatazwa kuuliza, nikasema hivi siku hizi wataalamu wanasema nini juu ya nyota, na mwanangu akanitazama kama ninaumwa, akageukia kuku, na aliyejibu ni baba yake, kijiko hewani, akasema kuna nyota zimekufa zamani na mwanga wake bado uko njiani unakuja, unaona taa, mwenye taa hayupo, mchuzi ukapoa, Plamedie akasema papa, kula, na mimi nikadhani televisheni... na Paulin, wiki ile gari langu lilipokuwa gereji akanipeleka kazini, akaniambia eti patron alimweleza nyangumi analala wima, kama chupa, "Maman, ni kweli," mimi nikacheka, nikasema patron wako ametoka baharini lini, kwao Goma hakuna bahari... mbona haya yanakuja yote leo, nyota, nyangumi, miwani pia, ile miwani aliyoinunua kwa mchuuzi wa barabarani akasema ni ya kusoma tarehe kwenye makopo... hapana, leo nauliza, mama yangu anisamehe huko aliko, nampigia Shalom, natoa sauti nje ili baba yake asikie mtoto akiisifu revue yake na tumalize, inaita, inaita, "Maman? Kuko nini? Nani amekufa?" na nyuma yake mashine za mgodi zinanguruma, "Hakuna aliyekufa, nauliza tu, ile ninayokutumia kila mwezi, unaipenda, ukweli, usinifurahishe," na anacheka, mwanangu anacheka, nilikuwa nimesahau ana kicheko kirefu hivyo, "Ndakala? Maman, kabisa. Plamedie anakaanga na nyanya na pilipili, batoto banagombania. Hata bantu ba kazi bananiuliza, ndakala ya maman imefika?" na mimi naangalia simu, "Na ile ya kusoma?" "Ya kusoma nini?" "Revue, Shalom." "Revue gani, maman?... ngoja, banatuita chini, nitakupigia magaribi, usiache ndakala, eh," na simu inakatika, na ukurasa unarudi wenyewe kwenye kioo, chagua zawadi, kistari kinawaka na kuzima.

Ndakala. Samaki wadogo wakavu wa ziwani, vichwa na macho na vyote, miaka kumi, kwa jina langu... mimi nilidhani mwanangu akifungua kifurushi ananiona mimi, mama yake, nikimfungulia dunia, kumbe ananinusa, kwa mwanangu mimi ni harufu ya samaki, na ananipenda hivyo, anasema niendelee, tena ni ujumbe wa kwanza wa kweli alionipa tangu aoe, na sikuupata kwa revue, nimeupata kwa samaki nisiowahi kuwagusa, Onésime ndiye aliyewapima kutoka magunia ya duka lake, akawafunga, akasema mpe Shalom, mwambie ni ya mama yake... na sasa anakoroga chai ambayo sukari yake imeshayeyuka, taratibu, kijiko hakigusi kikombe, anajua najua, hajui najua kiasi gani, na mimi pia sijui, majarida yako wapi, aliyauza, aliyachoma, aliyafungia karanga, hapana, mtu anayejua nyangumi analala wima hakufungia karanga... depo, Jumapili mchana, "Naenda kupanga mizigo," mizigo gani inayopangwa Jumapili na mlango umefungwa kwa ndani, nilidhani mwanamke, niseme ukweli, mwaka mmoja mzima nilidhani mwanamke, nikapita pale na gari mara mbili, nikaona gari lake peke yake na mwanga kidogo dirishani, nikarudi nyumbani nimekasirika kwa kukosa cha kukasirikia, kumbe alikuwa ameketi juu ya magunia ya mchele na miwani ya mtaani, anafuata mstari kwa kidole, Kifaransa kile cha wataalamu, peke yake, bila wa kumwuliza neno gumu, na neno gumu nilikuwa nalo mimi, hapa nyumbani, ninayo yote, nimelipwa maisha yangu yote kwa kueleza maneno magumu kwa watoto wasioyataka... na kila alipotimiza mwaka mimi nilimpa mkanda, ana mikanda kama mtu mwenye viuno saba, sikuwahi kujiuliza huyu anataka kujua nini, nilijua tu hataki, nani aliniambia hataki, jenereta iliniambia, kuinuka kwake kuliniambia, na mimi mwerevu niliyechoshwa na wanafiki nikaamini mchezo ulioigizwa mbele yangu kila Jumamosi mezani... nikasirike, natafuta hasira, ipo, ya Shalom kunyimwa chake, lakini kila nikiishika inaniponyoka, ninachotaka zaidi ni kujua, ni lipi alilipenda, alikwama wapi, ile nyota iliyokufa aliilalia usiku gani karibu nami bila kusema, nataka kumwuliza yote sasa hivi, na sitauliza, namjua, nikitaja mimi atasema "Ni kweli, professeur," na atainuka, ataenda kutazama jenereta na tutaanza mwaka mwingine wa mizigo, kwa hiyo nanyamaza, nimeweka kidole juu ya nafasi ya jina na sijaandika S wala O, namtazama kama nilivyokuwa nikimtazama mwanafunzi wa nyuma anayejua jibu, chai yake imepoa, anatoa miwani mfukoni, ileile, anaifuta kwa kona ya kitambaa cha meza, anaivaa, hapa, mbele yangu, mchana kweupe, bila kopo wala tarehe.

"Ile ya kwanza ilikuwa na Nyiragongo juu yake," anasema. "Mlima wa kwetu, na moto wake. Nilifungua tu nione kama bamepiga picha kutoka upande wetu."

Naigeuza simu kifudifudi mezani.

"Nikasema nisome kwanza, kisha nimutumie mutoto." Anasogeza kikombe kando. "Ni miye nilizisoma, Mama Shalom. Zote."