Nani Aliyeuliza?

Majira ya baridi ya mwaka 1994, Tumsifu, mwigizaji kutoka Moshi aliyekuwa akiishi Malvern, kitongoji cha Toronto, na mumewe Bernard, alipata nafasi ambayo hakuitegemea. Edmund Hathersage, Mwingereza aliyeng'ara kwenye majukwaa ya London tangu ujana wake, akacheza filamu, kisha akawa anaziongoza mwenyewe, alikuja Toronto kuandaa tamthilia. Angeiongoza na papo hapo aigize jaji mzee anayepofuka. Tumsifu angekuwa nesi wake.

Taabu ilianza mazoezini. Hathersage alikuwa akikatiza maneno ya jaji na kuuliza jambo kwa sauti ileile.

"Mbona umesimama mbali?"

Tumsifu akasogea, akaomba radhi.

"Aliyekuuliza ni jaji!" mzee akafoka. "Mjibu kama nesi!"

Kesho yake akauliza kwa nini dirisha liko wazi. Tumsifu akamjibu kinesi.

"Nakuuliza wewe, Tumsifu. Nasikia baridi."

Nyumbani alimlalamikia mumewe. "Sasa nitamjuaje?"

"Si umuulize, mama Ella," Bernard alisema.

Alimuuliza. Mzee alicheka tu, akasema kama hawezi kuwatofautisha, basi kazi inakwenda vizuri.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Katikati ya sehemu ya pili Hathersage aliinuka ghafla, akamshika Tumsifu mkono kwa nguvu.

"Huu ni mji gani?"

Maneno hayo hayakuwamo kwenye mchezo. Tumsifu alimtazama machoni. Hakumwona jaji, wala hakumwona mwongozaji.

"Toronto," alisema.

"Nani kanileta huku?"

"Mimi, mzee. Keti."

Akamkalisha. Tangu hapo, kila zamu ya jaji ilipofika, alimnong'oneza maneno ya kwanza, naye akayapokea, mpaka mwisho. Watazamaji walisimama, wakapiga makofi.

Nyuma ya pazia Tumsifu alimuuliza kama anaumwa.

"Kuumwa? Ulinifuata vizuri sana," alijibu, akijifuta poda usoni.

Onyesho la pili mzee hakukosea hata neno. Tumsifu aliponong'ona, alikatwa jicho la hasira. La tatu, mzee akauliza tena ni mji gani.

Wenye ukumbi wakampigia simu mkewe, Phyllis, akaja kutoka London. Tumsifu alimkuta koridoni akihangaika na glavu zake.

"Mama, samahani. Alikuwa anaumwa, au alikuwa anaigiza?"

"Tangu anioe najiuliza hivyo hivyo," Phyllis alisema. "Daktari kamhoji asubuhi, kajibu yote, tena kwa madaha. Sijui. Narudi naye nyumbani."

Ujaji akapewa mwigizaji mwingine, mtu mpole, aliyesema yaliyoandikwa na kunyamaza palipoandikwa anyamaze. Mchezo uliendelea hadi Machi, na magazeti yakamsifu Tumsifu kwa utulivu wake. Bernard alipomuuliza kama sasa ameridhika, alisema ndiyo. Kisha akasema hapana. Akainuka, akaenda kuosha vyombo.