Mama wa Baba Yake

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Wahu alifunika viazi vyake kwa magunia, akaweka mawe juu ya magunia, akanawa miguu kwenye karai nyuma ya kibanda na kuvaa viatu. Kibanda kilikuwa Kondele, mjini Kisumu, karibu na njia panda. Mwaka huo wa 1972, yeye ndiye Mkikuyu pekee aliyebaki kwenye mstari ule. Wengine walirudi kwao wakati wa fujo za 1969, naye alibaki kwa sababu hakuna aliyemwambia twende. Jirani yake Seline, muuza omena, dagaa wa ziwani, alimtazama akifunga vifungo vya sweta.

"Nyar Nyeri," Seline alisema, yaani binti wa Nyeri, "unaenda tena kulala kwa kochi ya wenyewe?"

"Naenda kwa daktari."

"Daktari gani mtu anaenda kwake na sufuria? Woi! Si useme tu umepata bwana."

Wahu alijitwika mzigo wake kichwani. Sufuria ilikuwa na viazi alivyoviponda pamoja na mahindi na majani ya malenge, imefungwa kwa kitambaa safi. Mkono mtupu haulambwi, na yeye hajawahi kuingia kwa mtu bila kubeba kitu.

Daktari mwenyewe alikuwa na chumba kimoja ndani ya nyumba kubwa Milimani, mahali ambapo hata mbwa wana vyumba vyao. Aliitwa Joram, mtu wa Asembo Bay. Alikaa Ulaya miaka akisomea kutibu watu kwa kuwasikiliza. Mgonjwa analala kwenye kochi, daktari anakaa nyuma yake asionekane, na mgonjwa anasema lolote linalomjia. Basi. Hakuna sindano, hakuna tembe. Watu wa Kisumu waliicheka sana kazi hiyo, lakini waliocheka hawakuwa na ugonjwa wa Wahu.

Ugonjwa wake ulikuwa huu: wanaume wakikaa naye walipungua. Sisemi walikonda. Walirudi kuwa watoto. Mumewe Kangethe alikuwa dereva wa lori, mtu wa shingo nene, siku walipofunga ndoa. Mwaka uliofuata Wahu alianza kumkunjia suruali. Kisha akaanza kumkatia nyama vipande vidogo. Miguu ilipokosa kufika kwenye breki, Kangethe aliachishwa kazi, na Wahu akamrudisha kwa mama yake Karatina akiwa amempakata ndani ya basi. Huko kwa mama yake mwezi haukwisha, Kangethe akawa mrefu tena, akaoa mwingine. Alituma salamu, nazo zikafika.

Baada yake alikuja mwanaume mmoja wa kanisani, aliyefiwa na mke, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo. Huyo alipofika kimo cha meza aliogopa, akatoroka mwenyewe kabla hajashindwa kufikia komeo.

Wahu hakuona ajabu. Aliona upweke, tena ule wa kuudhi, wa mtu anayezungukwa na midomo inayongoja kulishwa. Akiugua malaria aliamka mwenyewe akajichemshia chai, akarudi kulala akitetemeka, na kama kulikuwa na mwanaume ndani ya nyumba, basi alimchemshia na yeye.

"Nataka mtu mmoja abaki mkubwa mbele yangu," alimwambia daktari siku ya kwanza. "Hata saa moja tu. Nipumzike."

Daktari Joram alikuwa mrefu, wa kuinama akipita mlangoni. Wahu alimtazama kutoka viatu mpaka nywele, moyo ukafurahi. Akalala kwenye kochi, akafumba macho, akaanza kusema.

Alisema habari za baba yake, Mathenge. Mathenge alipopata binti wa kwanza alimpa jina la mama yake mzazi, kama Wakikuyu wanavyofanya, na kama wengi wao alimwita mtoto huyo mama. Kwa wengine hayo ni mapenzi na utani mwema. Lakini Mathenge alikuwa amefiwa na mama yake karibuni, na hakuwa amemaliza kumlilia. Alirudi jioni akajibwaga kitini na kunyoosha miguu. "Mami, nimechoka," alisema, na Wahu, ambaye meno ya mbele yalikuwa hayajaota tena, alimvua viatu. Wakati mwingine Mathenge alilaza kichwa kwenye mapaja yake madogo na kulia, naye alimpapasa mpaka miguu yake ikafa ganzi. Mama aliyemzaa alimpisha mlangoni, maana kwa jina mtoto huyo alikuwa mama mkwe wake, na mkwe hasukumwi.

"Wewe ulikuwa unalilia wapi?" daktari aliuliza kutoka nyuma.

"Nilie kwa nani? Si mimi ndiye nilikuwa mkubwa?"

 Wahu akainuka, akafungua kitambaa, akamwambia viazi vinapoa.

Sasa, mwalimu wa Joram huko Ulaya alikuwa amemwonya juu ya jambo hili hili. Mgonjwa akikuletea chakula usile, muulize kwa nini amekileta. Lakini mwalimu huyo hakuzaliwa Asembo Bay. Mwanamke ametembea na sufuria kichwani kwa jua hili, halafu unamuuliza kwa nini? Watu wako wakisikia watakuficha wapi? Joram alikula. Tena alikula akakomba. Yeye alifiwa na mama akiwa bado ananyonya, akalelewa na wake wenza wa mama yake, ambao hawakuwa wabaya, ila kila mmoja alipakulia wake kwanza. Hayo alikuwa ameyasema mwenyewe huko Ulaya, amelala kwenye kochi la mtu mwingine, akaambiwa yamekwisha. Mganga hajigangi.

Tangu siku hiyo Wahu, bila kugeuka, alianza kusikia. Viatu vya daktari vilizoea kukwaruza sakafu. Vikaacha, kwa kuwa miguu ilikuwa inaning'inia. Sauti yake nzito ilipanda wiki baada ya wiki, ikawa ya mvulana wa kwaya. Jioni alirudia kimo chake, akawatibu wengine kama kawaida, ila kila Alhamisi alichelewa zaidi kurudi.

Joram aliujua ugonjwa huo. Alikuwa amefundishwa jina lake. Alijaribu kumwambia.

"Mama, sikiliza," alisema kwa sauti yake nyembamba. "Huyu unayemsikia hapa nyuma siyo mimi peke yangu. Kila mwanaume akija kwako, unamkalisha kwa kiti ya Mathenge kabla hajafungua mdomo. Hujui kama unafanya. Na mimi nimekaa hiyo kiti kwa sababu nilikuwa natafuta moja."

"Koo yako imekauka, daktari. Leo umekunywa maji?"

Wahu hakuwa mjinga, na maneno yalikuwa ya kweli. Lakini nyuma ya maneno alisikia njaa, na njaa siku zote ilimfikia kwanza. Ilipofika, hapakubaki nafasi ya kitu kingine. Alienda akamletea maji.

Alhamisi ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na barabara ya Milimani ilinuka majani. Joram aliamua kuvunja sheria. Alisukuma kiti chake kutoka nyuma ya kochi, akihema, mpaka mbele. Akakipanda. Tai ilimfika magotini. Akamtazama Wahu usoni na kusema upesi, kabla hajaulizwa kama amekula:

"Wahu, wewe pia ulikuwa mtoto. Baba yako alikuonea."

Safari hii maneno yalifika. Wahu aliyasikia yote mawili, moja baada ya lingine, na miguu yake ikatoka ndani ya viatu. Kochi likawa pana chini yake. Mikono ya sweta ikameza vidole. Alipogusa meno kwa ulimi alikuta pengo la mbele, na hapo akalia, mdomo wazi, makamasi na yote, jinsi watoto wanavyolia wakijua kuna mtu nyumbani. Lo, ilikuwa raha! Alilia kwa ajili ya Mathenge na viatu vyake, ya mama aliyempisha mlangoni, ya Kangethe. Alilia akinyoosha mikono, akingoja kuinuliwa.

Akamtazama daktari. Daktari alikuwa anamtazama yeye, na alikuwa amenyoosha mikono vilevile.

Walikaa hivyo. Vitabu vilikuwa juu kwenye rafu, na hakuna kati yao ambaye angevifikia. Gari lilipita nje likapunguza mwendo, wote wawili wakageukia mlango. Likaingia boma la jirani. Wahu alilia kidogo tena, polepole, akitega sikio.

"Nasikia njaa," Joram alisema.

Wahu alingoja aone kama kuna atakayemjibu. Kisha akafuta pua kwa mkono wa sweta, akateremka kutoka kwenye kochi, na miguu ilipogusa sakafu viatu vilimtosha.

Daktari hakurudia kimo chake jioni hiyo. Wahu alimlisha viazi, akamngoja mpaka jua lilipoanza kulegea, akaona hawezi kumwacha peke yake kwenye nyumba kubwa namna hiyo. Akamvua tai, akamfunga mgongoni kwa leso, akafunga mlango.

Kwenye lango la pili Bwana Enos, karani mkuu wa ofisi ya mkoa, alikuwa anakata ua wake.

"Daktari, habari za jioni?"

"Nzuri, Bwana Enos," Joram alijibu kutoka mgongoni.

"Naona leo umepata lifti."

"Ndiyo. Huyu mama ni mzuri sana."

"Asante, Mama," Bwana Enos alimwambia Wahu, akarudi kwenye ua wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Waliteremka kuelekea Kondele. Mtoto aliyeshiba ni mzito, na aliyesoma ni mzito zaidi, au labda njia ilikuwa na matope tu. Wahu alipita wauza mkaa, akapita wanawake wa samaki wakifunga vikapu, akasalimiwa, akaitikia. Mbele kidogo njia ikawa tupu, na hapo akasema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu yeyote.

"Joram," alisema. "Mgongo unaniuma."

Alisimama angoje jibu. Shavu la moto lilikuwa limemlalia begani, na pumzi zilikuwa za mtu aliyekwisha kulala.

Wahu aliinama kidogo, akamrusha juu akae vizuri, akakaza leso, akaendelea na njia.