Bendi ya Jilala na Mwanachama wa Saba

Watu watano wa bendi ya Maganzo waliondoka mmoja mmoja kwenda Geita kuchimba dhahabu. Bujiku, mpiga besi, aliaga kwamba anakwenda wiki mbili. Wa mwisho hakuaga. Ulionekana tu msumari mtupu alipokuwa akitundika manyanga yake. Akabaki Jilala na gitaa, kwa sababu magoti ya mama yake, Paskazia, yalikuwa yameanza kugoma na kisima kilikuwa mbali. Jilala hakuwahi kulisema jambo hilo. Kila alfajiri ndoo zilikuwa zimejaa, basi.

Alikuwa fundi redio. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia mashine ya tepu, ile ya magurudumu mawili, inayokula betri ya gari. Jilala aliichokonoa mwezi mzima. Alikata utepe wa pima moja, akaunganisha ncha zake ukawa duara, kisha akabandika karatasi ya pakiti ya sigara mahali ambapo mashine hufuta sauti ya zamani. Ikawa haifuti. Alipiga besi kwenye nyuzi nene za gitaa; utepe ukizunguka, besi inarudi. Akatikisa manyanga mapya juu yake, vikarudi vyote viwili. Akiimba, anajiitikia mwenyewe.

Ila utepe ulitaka mtu wa kuukaza, na kazi hiyo ilikuwa ya Paskazia. Alikaa kwenye kigoda ameshika chupa tupu ya soda, utepe ukipita shingoni mwa chupa, mkono wake umetulia kama wa mtu anayemshikia mwenzake uzi.

"Mayu, ukipiga chafya umeniharibia kwaya," Jilala alimwambia mama yake.

"Basi pilipili tutakula Jumapili."

Wiki tatu kabla ya Sabasaba ikaja barua kutoka tarafani. Bendi, kwa mujibu wa kanuni, ni kikundi cha wanachama wasiopungua saba. Mtu kujipigia muziki peke yake ni ubinafsi. Vyombo vya bendi isiyo na kibali vitakabidhiwa kwa bendi ya tarafa, ambayo ilikuwa na wanachama ishirini na wawili, mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, na filimbi moja.

Jilala aliisoma, akaikunja. "Wakiichukua mashine, na mimi naenda Geita. Nitabaki hapa nafanya nini?"

 Mwezi wa tatu shimo la dhahabu huko Geita lilikuwa limemfukia Bujiku. Walimtoa akiwa hai, lakini mguu mmoja ulikatwa.

Afisa utamaduni, bwana mmoja wa Tabora aitwaye Akida, alifika Alhamisi na karani wake, Herman. Kabla ya yote alimwamkia Paskazia shikamoo kwa kuinama, na alipoona mama anahangaika kuinuka, akamshika bega taratibu akamrudisha kwenye kigoda. Paskazia aliliweka hilo moyoni. Chumba kilikuwa kidogo, kwa hiyo Herman alibaki barazani na fomu juu ya magoti. Akida kazi yake ilikuwa kukagua; kuhesabu ilikuwa kazi ya Herman.

"Wanachama wako wapi?" Akida aliuliza.

"Wanakuja, ndugu afisa," Jilala alisema, akawasha mashine, akaanza kuiwekea sehemu moja moja.

Ikaja besi. Yakaja manyanga, kisha gitaa la kati, sauti nene, sauti nyembamba, na makofi. Hapo Jilala aliacha. Mashine ilibeba sita. Ukizidisha, sauti za chini zinageuka tope. Akida alikuwa ameukazia macho mlango wa uani, akingoja watu watokee. Mwishowe akauliza kwa sauti ya ofisini, "Wengine wako wapi?"

Maikrofoni ilikuwa wazi. Utepe ukazunguka. "Wengine wako wapi?" ikarudi, ikaangukia sawasawa juu ya kofi la pili. Ikarudi tena.

Kule barazani Herman alikuwa anatikisa kichwa, anahesabu kwa ncha ya kalamu. Akaandika kwa wino, akapiga muhuri.

"Umeandika wangapi?" Akida alimwuliza.

"Saba, mzee. Huyo wa mwisho anaimba kama anayedai chake. Ndiye mzuri kuliko wote."

"Huyo ni mimi."

Herman aliitazama fomu. "Basi naomba jina lako kamili."

"Futa, Herman."

"Ina muhuri, mzee."

 Kufuta fomu yenye muhuri kulihitaji fomu nyingine kutoka Shinyanga, na Shinyanga walikuwa wanangoja karatasi tangu mwaka jana.

"Na hao sita ni akina nani?" Akida aliuliza.

Jilala alifungua mdomo, lakini Paskazia akamtangulia. "Mmoja ni huyu mwanangu. Watano wako Geita. Anawapigia sehemu zao mpaka warudi. Hiyo besi ni ya Bujiku, yule aliyekatwa mguu."

Chupa haikutikisika mkononi mwake. Akida alisimama akisikiliza besi ikizunguka mara mbili, mara tatu. Kisha akaichukua fomu, akaandika jina lake mwenyewe kwenye mstari wa saba.

"Mzee," Herman alisema kwa adabu, "kanuni ya tisa inataka wanachama wote wachume pamba ya kijiji Jumamosi."

"Naijua. Niliiandika mimi."

Jumamosi Paskazia alipeleka uji shambani, akijikongoja. Bendi ilikuwa imepewa mistari saba, mmoja kwa kila mwanachama. Jilala alikuwa kwenye mmoja, gunia kiunoni. Kwenye mwingine alikuwa Akida, kofia yake imejaa pamba kwa sababu hakujua kwamba mtu huja na gunia. Mistari mitano ilikuwa mitupu.

Akida alijinyoosha mgongo, akaitazama. "Wengine wako wapi?" alisema, na Jilala, bila kuinua kichwa, akapiga kofi la pili.

Paskazia alitua sufuria, akaingia kwenye mstari wa Bujiku.